Fyekeo la Trekta: Ajali Hii Ina Kinga

Mvua za masika zikiisha, mkulima huenda kutazama malisho yake akaona majani yamempita kimo, na vichaka vya miba vimesimama pale ng'ombe walipokuwa wakila mwaka jana. Kwa fyekeo la mkono, mtu mwenye nguvu atatumia siku nyingi kusafisha eka moja. Kwa fyekeo lifungwalo nyuma ya trekta, eka hiyo hiyo huweza kumalizika kabla jua halijawa kali. Si ajabu, basi, kwamba wakulima wadogo wasio na trekta zao wenyewe huchanga fedha na kuikodi mashine hiyo kwa zamu. Hatuwakatazi. Kazi yake ni njema, na majani yaliyokatwa yakiachwa juu ya ardhi huilinda isichukuliwe na maji.

Lakini yapasa ijulikane kwamba chombo hiki si kama jembe la trekta. Jembe huumiza yule aliyekanyagwa nalo. Fyekeo la trekta huweza kumwumiza mtu aliye mbali, asiyeliona, wala hana habari nalo.

Watu husema, "Ajali haina kinga." Methali hiyo humfariji mtu aliyekwisha kupatwa, haimwongozi mtu aliye karibu kuanza kazi. Ajali za fyekeo la trekta zina kinga. Kinga hiyo ilifungwa kiwandani pamoja na mashine yenyewe, na mara nyingi huondolewa baadaye na mikono ya watu, kwa kuwa huonekana kuwa udhia. Mashauri haya yameandikwa ili kila mkulima aijue kinga hiyo kwa macho yake, aitafute kabla ya kazi, na akiikosa aikatae kazi.

I. MASHINE HII NI NINI

Fyekeo la trekta ni bamba pana la chuma lililofunika mkono wa chuma uzungukao. Katika kila ncha ya mkono huo huning'inia kisu kimoja kwa bolti moja nene. Nguvu hutoka katika injini ya trekta, hupita katika shafti ya nyuma ambayo mafundi huiita PTO, kisha huingia katika giaboksi iliyokaa juu ya bamba. Giaboksi hugeuza mzunguko ukaelekea chini, nayo huuongeza kasi.

Mashine za namna hii zilienea Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1951 kampuni ya Bush Hog, ya mji wa Selma katika jimbo la Alabama, ilianza kuuza yake, na hata leo Wamarekani wengi huita kila fyekeo la trekta kwa jina hilo. Zilibuniwa kwa mashamba mapana, ambako dereva huweza kufanya kazi tangu asubuhi hata jioni bila ya kuona nyumba. Jambo hili likumbukwe, maana tutalirudia.

Mafyekeo hayalingani kwa nguvu. Yaliyo mepesi yamekusudiwa kukata majani na vijiti vyenye unene wa milimita 25 hivi, yaani kama kidole gumba cha mtu mzima. Ya wastani hukata hata milimita 50, na yaliyo mazito hukata milimita 75 au zaidi. Kosa la kwanza la watu wengi ni kuchukua fyekeo jepesi la majani na kulipeleka kwenye msitu wa migunga.

II. MWENDO WA VISU

Kwa mpango uliozoeleka duniani, shafti ya PTO huzunguka mara 540 kwa dakika, nayo giaboksi huweza kuufanya mzunguko wa visu ufikie mara 1000 kwa dakika. Hebu tufanye hesabu. Fyekeo lenye upana wa kukata wa mita 1.5 huchora duara ya mita 4.7 hivi kwa kila mzunguko. Kwa mizunguko 1000, ncha ya kisu hupita mita 4700 kwa dakika moja, yaani zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Hapana basi iendayo kasi hiyo katika barabara zetu.

Mtu arushaye jiwe kwa nguvu sana hulipa robo ya mwendo huo. Wala mtu asifikiri kwamba jiwe lililopigwa na kisu litakuwa na nguvu mara nne tu. Nguvu ya kitu kirukacho huongezeka kwa mwendo uliozidishwa kwa mwendo wenyewe: mwendo ukiwa mara 4, nguvu ya kupiga huwa mara 16. Kokoto la ukubwa wa yai la kuku likitupwa hivyo huvunja mfupa na kutoboa jicho, na laweza kuua.

Sasa tazama bolti inayoshika kisu. Tuchukue kisu cha kilo 5, ambacho kitovu cha uzito wake ki sentimita 55 kutoka katikati ya mashine. Kikizunguka mara 1000 kwa dakika, huivuta bolti yake kwa nguvu ipatayo uzito wa tani 3. Ni kama kutundika magunia 30 ya mahindi, kila gunia la kilo 100, kwenye bolti moja. Bolti hiyo ikiwa imelika, au nati yake imelegea, kisu kitatoka. Na kikitoka si jiwe tena: ni chuma cha kilo 5 chenye makali. Kisu cha pili kilichobaki hukosa mwenzake wa kukisawazisha, na mashine nzima hutikiswa mara 1000 kwa dakika mpaka giaboksi ivunjike au dereva azime.

III. UDHAIFU ULIOWEKWA MAKUSUDI

Watu wengi hudhani kwamba mashine njema ni ile iliyo ngumu kila mahali. Dhana hiyo imewahi kugharimu fedha nyingi katika nchi hizi. Mwaka 1947, huko Kongwa katika Tanganyika, kazi kubwa ya kufyeka pori ilianzishwa kwa ajili ya kilimo cha karanga. Yaliletwa matrekta mengi, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, ikadhaniwa kwamba nguvu ya chuma itashinda kila kitu. Mizizi ya pori na udongo mgumu wa Kongwa vilivunja na kumaliza vyombo hivyo upesi kuliko ilivyotazamiwa, na mwaka 1951 mpango ule uliachwa. Ardhi haishindwi kwa ugumu peke yake.

Walioliunda fyekeo la trekta walijua hivyo. Kwa hiyo waliweka ndani yake sehemu dhaifu kwa makusudi, ili mahali fulani palegee, pateleze au pakatike kabla kitu kikubwa hakijavunjika na kabla mtu hajaumia. Sehemu hizo ni tano.

Ya kwanza ni kisu chenyewe. Hakikufungwa kikawa kitu kimoja na mkono wake; huning'inia kwa bolti, nacho huweza kugeuka. Kikizunguka hunyooka kwa sababu ya kasi, bali kikigonga kisiki hurudi nyuma, kisha hunyooka tena. Kisu kilichokwama kwa kutu, kwa matope makavu au kwa waya uliojizungusha hakiwezi kurudi. Hupokea pigo lote.

Ya pili ni bolti ya kukatika, iliyo kwenye shafti ya mashine nyingi. Ni bolti ya chuma laini, nayo imewekwa ikatike pale visu vinapozuiwa. Dereva aliyechoka kubadilisha bolti hizo huenda dukani akanunua moja iliyo ngumu zaidi, akajisifu kwamba sasa haikatiki. Kweli, haikatiki. Pigo lililokuwa likatishe bolti ya bei ndogo sasa huingia katika giaboksi, katika shafti, na katika bolti za visu.

Ya tatu ni klachi ya kuteleza, ambayo mashine nyingine zinayo badala ya bolti ya kukatika. Ni sahani zilizobanwa kwa springi; visu vikizuiwa, sahani huteleza. Lakini mashine ikikaa nje wakati wa mvua, sahani hushikana kwa kutu zikawa kama chuma kimoja. Kabla ya msimu, fundi yampasa kulegeza nati za springi kwa hesabu, kuzungusha mashine kwa sekunde chache ili sahani ziteleze na kuachana, kisha kuzikaza tena kwa kipimo kile kile cha kwanza. Ni rahisi kuona kama zimeteleza: mashine ikiwa imezimwa, chora mstari wa chaki kupita juu ya sahani zote. Baada ya kuzungusha na kuzima tena, mistari isipopingana, sahani zingali zimeshikana.

Ya nne ni minyororo iningʼiniayo mbele na nyuma ya bamba, au mikanda ya mpira mahali pa minyororo. Hupisha majani na kuzuia mawe. Mtu asiyejua huiona kuwa pambo, au huona kwamba inanasa majani, akaifungua. Mashine iliyofunguliwa minyororo yake ni mzinga uliofunguliwa mdomo.

Ya tano ni kifuniko cha shafti ya PTO. Shafti hiyo huzunguka mara 9 kwa sekunde. Hata pale iliponyembamba, yaani penye milimita 35, huweza kukunja kitambaa chenye urefu wa mita 1 kwa kila sekunde, na penye maungio mapana hukunja zaidi. Ncha ya kanga, ya shuka, ya kanzu au ya koti la mvua ikishikwa, mwenye nguo hana nafasi hata ya kupiga kelele. Kifuniko kilichopasuka au kilichotupwa hakina budi kurudishwa kabla ya kazi, si baada ya mavuno.

Angalia, basi, jinsi mambo haya yalivyo. Kila kimoja katika vitu hivi vitano huudhi. Kisu hulegea, bolti hukatika, klachi hutoa moshi, minyororo hunasa, kifuniko huzuia mkono wa mtia grisi. Na kila kimoja kikiondolewa, mashine huonekana kufanya kazi vizuri zaidi kwa muda. Huo ndio mtego wake.

IV. KASORO ZA UUNDAJI

Si kila ubaya huletwa na mtumiaji. Ziko kasoro zilizozaliwa na mashine, nazo mkulima yampasa kuzitambua.

Kasoro ya kwanza ni ya trekta za zamani. Trekta ya Ferguson TE20, iliyoundwa Coventry, Uingereza, tangu 1946 hata 1956, ina klachi moja kwa magurudumu na kwa PTO. Dereva akikanyaga klachi, injini huachana na vyote viwili. Lakini visu vizito vyenye kasi havisimami papo hapo. Huendelea kuzunguka kama jiwe la kusagia, na nguvu yake hurudi nyuma kupitia shafti, huingia katika gia za trekta, nayo huisukuma trekta mbele. Dereva amekanyaga klachi akitaka kusimama mbele ya ua au ya mtaro, na trekta yaendelea kwenda. Wengi wa madereva hawajui kwamba mashine iliyo nyuma yao ndiyo inayowasukuma. Dawa yake ni kiungo cha kuachia, kifungwacho kati ya trekta na shafti, ambacho hupeleka nguvu upande mmoja tu. Trekta yoyote ya namna hiyo isifungwe fyekeo bila ya kiungo hicho.

Kasoro ya pili ni kukosa sinia. Mashine njema zina sahani ya mviringo kama sinia chini ya mkono wa visu, ili ikikutana na kisiki au kichuguu ipande na kuteleza juu yake, kisiki kisifike kwenye bolti za visu. Mashine yenye mkono mtupu huifunua bolti kwa kila kisiki.

Kasoro ya tatu ni ya mashine ziundwazo kwa kubahatisha. Mafundi wa jua kali wana akili na mikono hodari, na vyombo vingi wavitengenezavyo twavisifu. Lakini kisu cha fyekeo kilichokatwa katika springi kuukuu ya lori, kikatobolewa kwa moto na kuchomelewa, ni jambo jingine. Chuma cha springi hupata ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Moto wa kuchomelea huuharibu ugumu huo, na pembeni mwa mahali palipochomelewa chuma huwa kama kioo. Hakionyeshi dalili. Hufanya kazi siku kumi, na siku ya kumi na moja huvunjika kama chungu.

Wala shida ya vyuma vilivyounganishwa haiko kwa wakulima peke yao. Mwaka 2012 Tume ya Ulaya iliziagiza nchi za Umoja wa Ulaya zikataze kuuzwa kwa vikatio vya minyororo na vya vipande vya chuma vilivyounganishwa, vilivyokuwa vikifungwa kwenye mashine za kufyekea za mkono. Sababu yake ni kwamba vyuma hivyo huweza kuvunjika penye maungio na kuruka kwa kasi ya kuua. Walio na viwanda vikubwa na wapimaji wa chuma waliona ni heri kukikataza chombo hicho kuliko kuendelea kukiamini. Nasi tujifunze.

V. KUTUNZA KISU NA BOLTI YAKE

Kabla ya kuinama chini ya fyekeo, zima injini, toa ufunguo uutie mfukoni, ungoja mpaka kila sauti ya kuzunguka iishe. Kisha egemeza bamba juu ya magogo mazito. Usiamini mikono ya haidroliki ya trekta. Mpira wake ukipasuka, au mtoto akigusa kigingi chake, mashine hushuka mara moja.

Ukiwa salama, tazama mambo haya:

1. Shika kila kisu kwa kipande cha mti, ukisukume. Hakina budi kugeuka kwenye bolti yake, wala kisicheze juu na chini kupita kiasi. Kikicheza sana, tundu lake au bolti yake imelika.

2. Tazama kama kuna ufa, hasa kuzunguka tundu la bolti. Kisu chenye ufa hakitengenezwi. Hutupwa, nacho huvunjwa kwanza ili mwingine asikiokote akakitumia.

3. Kisu kilichopinda kisinyooshwe kwa moto wala kwa nyundo, na kilichovunjika kisichomelewe. Fedha iliyookolewa hapo ndiyo fedha iliyo ghali kuliko zote.

4. Visu hubadilishwa vyote pamoja, vya namna moja na vya uzito mmoja. Kisu kipya upande mmoja na kikuukuu upande wa pili ni mzigo usiosawazika. Aliye na mizani ya duka na aitumie.

5. Ukinoa, fuata mteremko ule ule wa kiwandani, na uondoe chuma sawasawa kwa kila kisu. Usikifanye kikawa kikali kama wembe. Makali yabaki na unene wa milimita 1.5 hivi, fyekeo hukata kwa kasi, na ukali mwembamba hukatika vipande kwenye jiwe la kwanza.

6. Hakikisha kwamba upande wenye makali ndio utanguliao katika mzunguko. Fundi mwenye haraka huweza kukigeuza kisu.

7. Nati za bolti za visu hukazwa kwa nguvu iliyotajwa katika kitabu cha mashine. Nguvu hiyo ni kubwa. Spana fupi ya mkono haitoshi. Mashine mpya, au iliyofungwa visu vipya, ikazwe tena baada ya saa chache za kazi.

Kisha usikilize. Fyekeo zima lina mvumo mmoja. Likianza kutikisika ghafula, zima papo hapo. Usijiambie kwamba utamaliza mstari huu kwanza.

VI. SHAMBA NA WATU WALIOMO

Siku moja kabla ya kazi, mwenye shamba atembee shamba lote kwa miguu. Yeye ndiye ajuaye kilipo kisiki cha mwembe wa babu, na mahali ulipoanguka waya wa ua wa zamani. Mawe yaokotwe. Waya uokotwe wote, maana ukijizungusha kwenye visu ncha zake huwa mijeledi ya chuma. Vichuguu, mashimo na visiki visivyoweza kuondolewa vitiwe alama kwa mti mrefu wenye kitambaa cheupe. Na dereva asikate chini mno: sentimita 10 hata 15 juu ya ardhi hutosha, na malisho humea tena vema kuliko yakinyolewa mpaka kwenye mizizi.

Sasa twarudi kwenye lile tulilosema mwanzo, kwamba mashine hii ilibuniwa kwa mashamba mapana. Vitabu vya mashine nyingi za namna hii huagiza watu wakae mbali futi 300, yaani mita 90 au zaidi, ambazo ni kama hatua 120 za mtu mzima. Lakini eka moja iliyo mraba ina upande wa mita 64 tu. Maana yake ni kwamba mkulima mwenye eka moja hana mahali pa kusimama ndani ya shamba lake palipo salama. Nyumba yake imo katika hatari, na jiko la jirani, na njia waipitayo watoto waendao shule, na kisima.

Kwa hiyo, lililo la busara kwa mwenye eka 1000 ni la lazima kwa mwenye eka moja. Mwenye ranchi akikosa minyororo huenda jiwe lake likaangukia nyikani. Wewe ukikosa, jiwe lako litaangukia uani kwa mtu. Kazi ifanywe saa ambazo watoto wako shuleni, wala si saa za kwenda au kurudi. Jirani wa pande zote waambiwe tangu jana yake. Mtu mzima mmoja asimame njiani, mbali, awazuie wapitao. Na ukanda ulio kando ya nyumba na kando ya njia ukatwe kwa fyekeo la mkono. Ni kazi ya siku moja au mbili, nayo si hasara.

Tena, trekta ina kiti kimoja. Kijana aliyepanda kwenye bawa la gurudumu ili afurahie safari akianguka, huanguka mbele ya fyekeo. Asipande mtu, awe mtoto wa mwenye shamba au utingo wa dereva.

VII. MKULIMA AKODIAYE

Twajua kwamba mkulima mdogo si mwenye mashine. Ameingojea zamu yake kwa wiki mbili, amekwisha kulipa nusu ya fedha, na dereva yu mlangoni na injini inanguruma. Ni vigumu kusema neno wakati huo. Basi tumfikirie mzee mmoja aliye katika hali hiyo, na tuone anavyoweza kusema.

"Shikamoo, mzee. Tuanzie upande gani?"

"Marahaba, mwanangu. Kabla hujaanza, zima kwanza tuitazame mashine. Minyororo ya nyuma iko wapi?"

"Mzee, ilikuwa ikinasa majani, tukaifungua. Wala hakuna neno, nimefyeka mashamba mengi hivi hivi."

"Nami nakuamini. Lakini nyumba ile pale ni ya ndugu yangu, na ana wajukuu. Nenda ukailete, nitakungoja."

"Nikirudi leo jua litakuwa limekwisha, na kesho ni zamu ya mwingine."

Hapo ndipo penye mtihani. Mzee akisema "haya, endelea," huenda lisitokee lolote. Mara nyingi halitokei, na ndiyo maana watu huzoea. Akisema "basi nitangoja zamu nyingine," atapoteza siku, labda na fedha, na majani yatakomaa na kupunguza utamu wake kwa ng'ombe. Hasara hiyo ni ya kweli, wala hatuifichi. Lakini ina kipimo na hulipika msimu ujao. Jicho la mtoto halina kipimo, wala halilipiki.

Njia iliyo bora ni kutoliacha jambo hili lifike mlangoni. Wakulima wakodiao pamoja na wapatane na mwenye trekta siku ya kulipa fedha ya kwanza: mashine ije na minyororo, na kifuniko cha shafti, na bolti ya kukatika iliyo halali pamoja na za akiba, ikikosa kimoja, fedha irudi. Mtu mmoja akisema peke yake huonekana msumbufu. Watu kumi wakisema neno moja huwa ni sharti. Na mwenye trekta mwenye akili atawashukuru, kwa kuwa giaboksi yake itadumu.

VIII. KWA UFUPI

Kabla trekta haijaingia shambani, uliza na utazame kwa macho yako:

Visu viwili vizima, vya namna moja, visivyo na ufa wala alama ya kuchomelewa.
Bolti za visu zilizokazwa.
Bolti ya kukatika iliyo laini, au klachi inayoteleza.
Minyororo mbele na nyuma.
Kifuniko cha shafti, na kiungo cha kuachia kwa trekta za zamani.
Shamba lililotembelewa, lililookotwa mawe na waya, na kutiwa alama.
Jirani walioarifiwa, watoto walio mbali, na mtu wa kulinda njia.
Dereva peke yake juu ya trekta.

Mambo haya manane hutazamwa kwa muda usiozidi nusu saa. Likikosekana moja, kazi ingoje. Majani yatakuwapo kesho. Na sisi twapenda kesho watu wote wa shambani wawepo pia.